Nyota ya Carmel, Mchanga wa Élysée

Umeme wa Masisi ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo aliitwa Straton. Wengine walikuwa na kisahani cha sola cha kuchaji simu na kuwasha taa moja. Straton alikuwa na paa zima la sahani hizo, chumba kizima cha betri, friji ya bia, na ukutani antena nyeupe ya intaneti iliyotazama mbinguni mwaka mzima. Chini ya paa hilo alinunua koltani, mchanga wenye madini, kutoka vilima vyote vya jirani. Na chini ya paa hilohilo Carmel, binti wa Marcellin wa kijiji cha Kingi, alikwenda kuomba mahali pa kuchomeka kompyuta yake.

Haja yake haikuwa ndogo. Carmel alikuwa msaidizi wa Profesa Albert katika idara ya fizikia, chuoni Goma, na kabla vita havijafunga chuo walikuwa wameomba pamoja kutumia darubini iliyo angani, ile inayozunguka nje kabisa ya hewa yetu na kutazama miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Miali hiyo haifiki chini, hewa huimeza yote, ndiyo maana chombo cha kuitazama lazima kikae huko nje. Wataalamu wa dunia nzima huigombania darubini hiyo. Wengi hunyimwa, lakini Carmel alipewa. Wenye darubini waliigeuza kwa ajili yake, ikakodolea macho mabaki ya nyota iliyolipuka zamani sana, ikakusanya miali yake chembe kwa chembe, kisha hesabu zote zikaletwa kwa msichana wa Kingi aliyekuwa anapanga chumba Goma.

Sheria ya kazi hiyo ni moja. Data ulizoomba ni zako peke yako kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, zinafunguliwa, na kila mwenye kompyuta duniani anaweza kuzichukua na kuandika jina lake juu yake. Kulikuwa na kundi huko Ulaya, watu wazima wenye maabara na mishahara, ambao walishasema waziwazi kwamba wanazingoja. Carmel hakuwalaumu. Lakini mwaka wake ulikuwa umeanza Goma, vita vikaukatiza katikati, chuo kikafungwa, Profesa Albert akakimbilia Uganda, na sasa ulikuwa unaishia Kingi, katika nyumba ya mbao ya baba yake ambayo haijawahi kuona waya wa umeme.

Straton alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa kucheka kidogo na kusikiliza sana, na alitaka kuelezwa hiyo kazi ya nyota ni kitu gani. Carmel akamweleza. Kila aina ya madini ikipata joto la kutisha hutoa mwali wake yenyewe, usiofanana na wa mengine. Ukiichora hiyo miali kwenye kioo cha kompyuta unaona vilima, na kila kilima kina mahali pake: kirefu cha chuma, na pembeni, kidogo sana, cha manganizi. Ukilinganisha hivyo viwili unajua nyota iliyokufa ilikuwa ya namna gani. Kilima cha manganizi ndicho alichokuwa anakitafuta.

Straton akainuka, akarudi na mashini ya kupimia mchanga, ile ambayo kila mtu Masisi huiita pistole kwa umbo lake. Akaibonyeza juu ya mchanga wa koltani uliokuwa mezani, akamgeuzia kioo. Vilima vikatokea. Tantali, niobi, bati, na katikati yao chuma, mahali palepale ambapo Carmel alikizoea katika nyota yake. Alijua tangu shuleni kwamba fizikia ni moja, lakini kuiona pale, kwenye meza yenye mabaki ya sambusa, kulimfurahisha hadi akacheka peke yake.

«Basi hii kazi unaijua,» Straton alisema. «Unipimie muchanga muchana. Umeme na intaneti, tumia yote unataka.»

Akakubali. Nani asingekubali?

Wiki ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili, Straton alifunga mlango wa chumba cha betri na kumweleza shida yake. Mpimaji wa zamani, kijana aliyeitwa Prince, alikuwa anasoma namba moja na kutamka nyingine iliyo chini. Wachimbaji wakamshtukia, wakampiga makofi mbele ya wake zao, akakimbilia Walikale na hakurudi. Tangu siku ile ikawa desturi kwamba kioo kigeuzwe kwa mwenye mchanga, aisome namba yake kwa macho yake. Kwa hiyo, alisema Straton, siku hizi mdomo hausaidii kitu. Inafaa kioo chenyewe kiseme.

«Sikuombe uibe,» alisema kwa sauti ya mtu anayeombea mgonjwa. «Nakuomba urekebishe. Muchanga muzuri tu, ule wa asilimia ya juu. Ule mubaya uache vile iko, batu basishuku.»

Carmel alisema hapana, na alilisema kwa adabu. Kesho yake alipofika, tundu la umeme halikuwa na umeme. Straton akamwambia, kwa upole uleule, kwamba betri zimechoka, zinapumzika. Akakaa barazani juu ya gunia, kompyuta yake imekufa mapajani, akitazama vijana wa depo hiyo ya madini wakichaji redio zao kwenye tundu la pili. Mpishi alipita na chai, akawapa wote, yeye akamruka. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, isipokuwa safari hii hata gunia la kukalia lilikuwa limeondolewa, akakaa chini. Wanawake wa Kingi waliokuwa wanapita kwenda soko la maharagi walimsalimia huku wakiangalia pembeni.

Siku ya tatu alikwenda moja kwa moja kwa Straton, akaomba mashini.

Kazi haikuchukua hata saa moja. Carmel aliingia ndani kabisa ya mipangilio yake na kuiwekea mstari unaopinda: mchanga hafifu usiguswe, wa kati upunguzwe kidogo, na mzuri kabisa ushushwe sana, taratibu, bila mruko ambao mtu angeushtukia. Mchanga wa thelathini sasa ungesoma kumi na nane. Alijaribu mara kadhaa, akasawazisha, akahakikisha vilima kwenye kioo bado vinaonekana vya kweli. Aliifanya vizuri, kwa uangalifu uleule aliozoea kuitendea miali ya nyota, na baadaye hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Umeme ukarudi.

Habari zilipofika Kingi kwamba pistole ya Straton inashikwa na mtoto wa Marcellin, watu waliacha wanunuzi wengine wote. Mzee Marcellin ndiye aliyezieneza. Ng'ombe wake walikuwa wamekwenda na wenye bunduki, shamba lake la maharagi lilikanyagwa misimu miwili mfululizo, na kwenye mikutano ya kijiji alikuwa amefikia kukaa nyuma pamoja na wasiokuwa na la kusema. Sasa alipata la kusema. Alivaa koti lake la Pasaka siku za kazi, akasimama kando ya mizani ya depo bila kuajiriwa na mtu, akiwatuliza wenye wasiwasi.

«Tazama kioo mwenyewe,» alikuwa anawaambia. «Hii mashini inashikwa na mutoto yangu. Yeye anapimaka nyota, atashindwa muchanga?»

Carmel aliyasikia hayo kila siku. Aliinamisha kichwa, akabonyeza, akawageuzia kioo.

Kaka yake Élysée ndiye aliyekuwa mkubwa wa shimo katika kilima kilicho juu ya Kingi. Shimo lake watu waliliita la juu. Lilikuwa fupi, limechimbwa karibu na njia, na yeye na mwenzake Jérémie walikuwa wamelitia miti imara ya mikaratusi, mmoja mmoja, mwaka mzima. Walipoleta magunia yao, kioo kilisema kumi na nane. Élysée aliushika mchanga, akaupima kwa kiganja, akasema kwamba yeye alidhani ungekuwa zaidi, kwani mwaka jana, kwa mnunuzi mwingine, ulisoma zaidi.

Marcellin hakumwacha amalize. Mbele ya watu wote alimuuliza kama amekuwa injenia siku hizi, kama macho yake yanashinda mashini, au kama anataka kusema kwamba dada yake ni mwizi. Watu wakacheka. Élysée, mtu mwenye mke na masharubu, akatazama viatu vyake vya mpira na kusema hapana, Papa, hakusema hivyo. Alimwomba dada yake radhi. Carmel akamjibu kwamba si kitu.

Siku kadhaa baadaye Élysée alirudi peke yake, na mikononi alikuwa na vifurushi viwili vya kitambaa. Alitaka apimiwe vyote viwili. Straton alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Kifurushi cha kwanza, ambacho Carmel aliujua mchanga wake kwa rangi kuwa wa shimo la juu, kikasoma kumi na nane. Cha pili, mchanga mwekundu wenye udongo mwingi, kikasoma ishirini, na ishirini hiyo ilikuwa ya kweli, kwani mchanga hafifu mstari haukuugusa. Élysée alisoma mwenyewe, akarudia kwa sauti ndogo, akafunga vitambaa vyake, akashukuru. Carmel hakumuuliza mchanga mwekundu umetoka wapi. Alikuwa na ukurasa uliobaki nusu kwenye kompyuta.

Jumapili, baada ya ibada, walikula pamoja nyumbani Kingi. Mama Joséphine-Marie alikuwa amepika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mkavu kidogo wa kuonjesha. Yeye alizaliwa Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, na miaka yote aliyokaa katika vilima hivi hakuizoea kazi ya kuingia ndani ya ardhi. Kwao, alizoea kusema, mtu huingia ardhini mara moja tu.

Katikati ya chakula Élysée alitangaza kwamba wanaliacha shimo la juu. Kuna lile la zamani, upande wa bonde, lililoachwa tangu mvua za mwaka juzi. Refu, ndiyo, na miti yake imeoza, lakini mchanga wake unasoma ishirini. Ndivyo wachimbaji wote wanavyofanya kazi siku hizi: wanachukua kiganja kutoka huku na kiganja kutoka kule, wanakwenda kupima, na pale namba inapopanda ndipo wanapoelekeza machepeo yao ya kuchimbia. Zamani walifuata mshipa kwa macho na kwa bahati. Sasa wanafuata kioo.

Tonge la Carmel likasimama njiani. Kwa wiki zote alizokaa depo alikuwa amejiambia kwamba anawapunguzia watu bei, basi, na bei ni jambo ambalo wanunuzi wote huwapunguzia watu. Hakuwahi kufikiri kwamba namba zake zilikuwa zinawaonyesha mahali pa kuingia.

«Ile ya zamani haina miti,» alisema.

«Tutaweka pole pole.»

«Mungojee kidogo. Mungojee juma moya tu.»

«Juu ya nini?» Élysée aliuliza, bila ukali.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Baba yake alikuwa anatafuna na kumtazama kwa fahari. Mwaka wa nyota ulikuwa unaisha mwisho wa juma hilo, kilima cha manganizi kilikuwa kimeanza kujitokeza lakini hakijathibitika, na Straton akikata umeme kesho, yote yamekwisha. Alipiga hesabu haraka, kama alivyozoea. Amalize, atume, kisha aje awaambie. Siku chache tu.

«Mvua,» alisema.

Élysée akacheka na kumwambia kwamba wenye shule hawaulizi habari za mvua, wanauliza karo ya watoto. «Na ni wewe njo ulitupimia, dada. Ishirini iko ishirini.»

Mama yao akaondoa sahani kabla hawajamaliza, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Juma lile Carmel alifanya kazi kama mtu anayekimbia. Mchana alipima mchanga, na kila nafasi aliyoipata alirudi kwenye nyota. Alitenganisha miali ya kweli na kelele za chombo, akaondoa mwanga wa pembeni, akakataa kila njia ya mkato. Mara mbili alipata kilima cha manganizi kikubwa kuliko alichokitegemea, na mara zote mbili akakishuku, akarudi nyuma, akakuta kosa lake, akalisahihisha. Alikuwa mkali kwa namba zake. Mvua ilianza kunyesha Jumatano na haikukatika.

Ijumaa mchana kilima kilisimama imara. Kidogo, lakini cha kweli, katika kila jaribio. Akakiandika, akamsomea Profesa Albert kwa simu, akatuma makala kwa jarida huku mwaka wake ukiwa umebakiwa na siku mbili. Akafunga kompyuta, akamwambia Straton kwamba anatoka mapema, akashika njia ya Kingi kwa miguu, matope hadi vifundoni, akiyapanga maneno ya kumwambia Élysée. Alikuwa na furaha, haifai kumsingizia vingine. Furaha na aibu vilikuwa vimekaa pamoja ndani yake na aliamini kwamba leoleo atabaki na furaha peke yake.

Kwenye kona ya mwisho alikutana na dereva wa pikipiki anayeteremka. Mtu huyo alisimamisha, akazima injini, akavua kofia. Alisema kilima kimetelemka upande wa bonde.

Jérémie walimpata jioni ileile, karibu na mlango wa shimo. Élysée alikuwa mbele zaidi, kwani mkubwa wa shimo huingia wa kwanza, na walimtoa kesho yake. Wanaume waliochimba kumtoa walisema miti ilikuwa imewekwa mitano tu.

Walizikwa siku moja. Straton alituma mchele na turubai kubwa la kukingia waombolezaji, kisha akaja mwenyewe, akavua viatu mlangoni kama mtu wa nyumbani, akamshika Marcellin mikono yote miwili. Watu walimsifu. Alipopita mbele ya Carmel alimwambia asijali kazi, apumzike, mashini iko mahali salama.

Baada ya mazishi Carmel alimfuata baba yake shambani, katikati ya maharagi yaliyoanza kufunga maua, na akamwambia yote. Aliyasema kwa mpangilio, bila kujitetea: chumba cha betri, mstari unaopinda, kumi na nane ambayo ilikuwa thelathini, vifurushi viwili. Marcellin alisikiliza akiwa amempa mgongo. Bado alikuwa amevaa koti la Pasaka.

«Nani anajua?» aliuliza mwishowe.

«Straton.»

«Na mimi. Basi, inatosha.»

«Papa, niko nataka kusema mbele ya batu.»

«Utasema nini? Mimi njo nilisimamaka pale. Mimi njo nilimufunga kaka yako kinywa mbele ya batu bote.» Akang'oa jani la haragi, akalikunja, akalitupa. «Niko na mutoto moya. Usirudilie ile neno.»

Tangu siku hiyo hakumtazama tena machoni. Hakumtukana, hakumfukuza. Alimwita kula kama zamani, alimuuliza kama amelala vizuri, na alipomuuliza alikuwa anatazama ukuta.

Carmel alijaribu jambo moja. Alikwenda depo akaomba aishike mashini kidogo tu, kuna kitu anataka kurekebisha. Straton alimkaribisha, akampa chai safari hii, akasema mashini sasa iko sawa kabisa, mtu asiichezee. Kulikuwa na mpimaji mpya, kijana mpole kutoka Goma mwenye msalaba shingoni, aliyekuwa anawageuzia watu kioo kwa moyo safi. Hakujua kitu. Mtu angeweza kumwapisha kanisani na angeapa bila kutetemeka. Mstari wa Carmel ulikuwa ndani, unafanya kazi.

Miezi miwili baadaye, siku ya kuondoa matanga, familia zote mbili zilikusanyika kwa Marcellin. Kulikuwa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, maharagi, na jibini ambalo jirani mwenye ng'ombe alilileta. Asubuhi hiyohiyo simu ya Carmel ilikamata mtandao kwenye mteremko na kuingiza ujumbe wa sauti wa Profesa Albert. Jarida limekubali makala. Wakaguzi watatu ambao hawajawahi kumwona walikuwa wamezipitia namba zake zote na kuziamini. Mmoja alikuwa ameandika kwamba ni mara chache kukutana na vipimo vilivyotunzwa kwa uaminifu wa namna hii. Profesa alikuwa analia kwenye sauti yake. Alisema milango sasa imefunguka, Uganda, Ulaya, popote. Carmel alisikiliza mara moja, akaizima. Alikuwa amekipata kile alichokitaka, chote, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

Watu walipokwisha kula, Mukasine, mjane wa Jérémie, alisogeza kiti chake karibu na Carmel. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye siku ya mazishi hakupiga kelele. Pamoja naye alikuwa shemeji yake, Rukundo, ambaye sasa ndiye angeliongoza kundi la wachimbaji. Mukasine alisema wana shida na wanataka shauri. Rukundo anataka kufungua shimo lingine la zamani, pembeni ya lile lililowaua, kwani mchanga wake nao unasoma ishirini. Yeye anaogopa. Lakini watoto wanakula nini?

«Wewe njo unajua muchanga,» alisema Mukasine. «Utuambie tuchimbe wapi.»

Marcellin, upande wa pili wa kiwanja, aliacha kumimina kasiksi. Carmel alimwona, na akaona pia kwamba mama yake amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Akasema.

«Murudi mu shimo la juu. Ile muchanga iko muzuri kushinda yote. Haikukuwa kumi na nane. Ilikuwa makumi tatu. Mimi njo nilifanya mashini iseme kumi na nane, kusudi Straton anipe umeme.»

Hakuinua sauti, na hakulia. Yeye alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa mawe, hata kwa kuchomewa nyumba, na sehemu fulani ya moyo wake ilivitamani.

Rukundo ndiye aliyejibu, na alimjibu kwa upole. Alisema jana tu alipeleka mchanga wa shimo la juu kwa yule kijana mpya wa msalaba, mtu asiyemjua Carmel hata kwa jina. Akageuziwa kioo. Kumi na nane.

«Ni ileile mashini,» Carmel alisema. «Haijabadilishwa. Mupeleke kwa mununuzi mwingine, mutaona.»

«Mwingine alisharudia Goma,» Rukundo akasema. «Amebakia Straton.»

Mukasine alikuwa amemshika Carmel mkono. Aliubana, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

«Usiniambie vile,» alisema. «Unasikia? Bwana yangu aliingia mule kwa sababu namba ilikuwa mukubwa. Aliifuata chakula ya batoto. Ukisema namba ilikuwa ya bongo, ya kudanganya, basi alikufa bure. Usiniambie tena.»

«Mama Mukasine, ni kweli.»

«Ni huzuni njo inakusemesha. Ulimupenda sana kaka yako.»

Hapo Marcellin akafika. Alisimama nyuma ya binti yake, akaweka mkono begani mwake, mkono mzito, akawaambia wageni wamsamehe mtoto, hajalala tangu msiba, anajilaumu kwa kila kitu. Alisema huyu hajawahi kudanganya hata siku moja, na ndiyo sababu msiba umempiga hivi. Watu wakaitikia. Mwanamke mmoja akaleta maji. Mwingine akamfunika Carmel mabega kwa kitenge, na wote wakaanza kumwambia pole, pole mama, pole, mpaka sauti zao zikaifunika yake. Joséphine-Marie peke yake hakusema pole. Alibaki mlangoni akimtazama binti yake, na uso wake ulionyesha kwamba amemwamini.

Jumatatu mvua ilikuwa imepumzika. Carmel alikuwa mbele ya nyumba, begi lake limefungwa, akingoja pikipiki ya kumpeleka Goma, aanze safari ya kumfuata Profesa Uganda, wakati wanaume walipoanza kupanda kilima na machepeo begani, Rukundo akiwa mbele. Alitoka hadi njiani. Aliwaambia tena shimo la juu, miti yake bado mizima, waingie pale. Rukundo alisimama kidogo, akavua kofia, akamtakia safari njema na masomo mema. Wenzake nao, mmoja baada ya mwingine, wakampa mkono. Kisha wakaendelea kupanda, wakafika penye shimo la juu, wakalipita bila kusimama, wakakata kushoto kuelekea bondeni.